Mtoto yuko karantini na mechi ni Jumamosi: Mzazi afanyeje?

WAHENGA walinena kuwa mficha maradhi kilio kitamfichua. Methali hii hutajwa sana katika vikao vya wazee na katika karatasi za mitihani ya Kiswahili, lakini ni nadra kuisikia kando ya uwanja wa michezo. Ilhali ni huko hasa, mpenzi msomaji, ambako siku hizi inahitajika mno.

Chukua mfano huu. Barua inatoka shuleni kwamba wanafunzi watatu wa bweni moja wameshikwa na tetekuwanga. Wale wote waliolala nao, na ambao hawajawahi kuugua ugonjwa huo wala kuchanjwa dhidi yake, hawataruhusiwa kushiriki michezo kwa siku 21. Binti yako ni mmoja wao. Yu buheri wa afya, anakula vizuri, hana hata kipele kimoja mwilini. Yeye ndiye mlinda lango wa timu ya mpira wa mikono, na mashindano ya kaunti ndogo yanaanza Jumamosi.

"Mama, mimi si mgonjwa! Mbona wananifungia?" analia kwenye simu ya matroni. Muda si muda kocha naye anapiga simu, akiuliza kama kuna njia ya kuzungumza na mwalimu mkuu. Nawe mzazi unabaki umeshika tama.

Je, shule inamwonea mtoto? Je, kuna ubaya gani akicheza mechi moja tu kisha arudi kitandani? Na kama ni lazima akae nje, ni nani atakayehakikisha kuwa nafasi yake haikupotea bure? Haya ndiyo maswali tutakayoyajibu leo, kwa kuwa familia nyingi hukutana nayo wakati wa msimu wa michezo, na wengi huyajibu kwa hasira badala ya hekima.

Karantini si kifungo

Kwanza tutenganishe mambo mawili ambayo wengi wetu huyachanganya. Kumtenga mgonjwa ni kumweka kando mtu ambaye tayari anaugua ili asiwaambukize wengine. Karantini, kwa upande mwingine, ni kumzuia mtu ambaye haonekani mgonjwa, lakini alikaribiana na mgonjwa na huenda amekwisha kuambukizwa bila kujua. Binti yetu wa mfano wa hapo juu yumo katika kundi hili la pili.

Neno lenyewe lina asili ya Italia, na maana yake ni siku arobaini. Katika karne za kati, miji ya bandari iliyoogopa tauni ilizizuia meli nje ya bandari kabla ya kuwaruhusu mabaharia kutia miguu nchi kavu. Mji wa Ragusa, ambao leo ni Dubrovnik katika nchi ya Croatia, ulianza mnamo mwaka 1377 kwa siku 30. Baadaye muda ukaongezwa hadi 40, na jina likabaki.

Hata hapa kwetu Afrika Mashariki jambo hili si geni. Kisiwa cha Changuu, kilicho karibu na mji wa Unguja, kilijengwa jela katika miaka ya 1890, lakini kikajulikana zaidi kama kituo cha karantini cha wasafiri wa meli waliodhaniwa kuwa na maradhi ya kuambukiza. Watalii wanaokwenda huko leo kuwatazama kobe wakubwa hutembea katika majengo yaliyohusika na shughuli hiyo.

Tofauti ya zamani na sasa ni kwamba siku hizi idadi ya siku haitolewi hewani. Kila ugonjwa una muda wake wa kujificha mwilini, kuanzia siku mtu anapoambukizwa hadi siku dalili zinapojitokeza. Tetekuwanga hujificha kwa kati ya siku 10 na 21. Kwa hivyo mtoto aliyelala karibu na mgonjwa anaweza kuwa mzima kabisa siku ya 9, akacheza kwa furaha siku ya 12, kisha vipele vikatoka siku ya 14. Siku 21 si adhabu, ni hesabu.

Kuna jambo jingine ambalo wazazi wengi hawalijui. Mtoto mwenye tetekuwanga huanza kuwaambukiza wenzake siku moja au mbili kabla ya kipele cha kwanza kuonekana. Mwenye surua naye huanza siku nne kabla ya vipele. Hii ndiyo maana kauli ya "lakini yeye ni mzima" haitoshi. Mwalimu mkuu hana macho ya kuona kilicho ndani ya damu ya mtoto. Alicho nacho ni kalenda tu.

Kila ugonjwa na siku zake

Wazazi hulalamika kwamba shule moja husema wiki moja na nyingine wiki tatu. Mara nyingi tofauti hiyo inatokana na ugonjwa wenyewe. Tuyatazame maradhi ambayo husumbua shule zetu.

TETEKUWANGA: Mgonjwa hukaa nje hadi vipele vyote vikauke na kufanya magamba, jambo ambalo huchukua siku tano au zaidi tangu vilipoanza. Kipele kimoja chenye maji kikisalia, bado hajapona. Aliyekwisha kuugua hapo awali aghalabu ana kinga na hana haja ya kuwekwa karantini. Chanjo yake ipo, lakini haimo katika ratiba ya kawaida ya watoto ya serikali ya Kenya, na anayeitaka hulazimika kuitafuta katika hospitali za kibinafsi. Na angalizo moja: mtoto mwenye tetekuwanga asipewe aspirini kutuliza homa, kwa kuwa inaweza kumletea madhara makubwa ya ini na ubongo.

SURUA: Huu ndio ugonjwa hatari zaidi kwa kuenea. Virusi vyake vinaweza kubaki hewani hadi saa mbili baada ya mgonjwa kuondoka chumbani. Mgonjwa hukaa nje siku nne baada ya vipele kuanza. Mtoto aliyekamilisha chanjo zake, ambazo hapa Kenya hutolewa akiwa na miezi 9 na tena miezi 18, kwa kawaida huruhusiwa kuendelea na masomo na michezo. Asiyechanjwa ndiye anayeweza kuzuiliwa hadi siku 21. Kile kijitabu cha kliniki ulichokitupa kabatini, mama, kinaweza kuamua iwapo mwanao atapanda basi la michezo au la.

MATUMBWITUMBWI: Siku tano tangu mashavu yalipoanza kuvimba.

KIFADURO: Siku tano baada ya kuanza dawa aliyoandikiwa na daktari. Asiyetibiwa anaweza kuambukiza kwa wiki tatu.

KUHARA NA KUTAPIKA: Saa 48 baada ya mara ya mwisho, wala si baada ya dozi ya kwanza ya dawa. Ikishukiwa kuwa ni kipindupindu, afisa wa afya ya umma ndiye mwenye usemi.

MACHO MEKUNDU: Ugonjwa huu ulienea katika Pwani ya Kenya mapema mwaka 2024. Hauhatarishi maisha, lakini hupita upesi kupitia mikono, taulo na mpira unaoshikwa na kila mtu. Mtoto apumzike hadi macho yaache kutoa machozi na usaha.

CHOA NA UPELE: Haya ni maradhi ya ngozi ambayo watu huyadharau. Katika mieleka, judo na raga, ngozi hukutana na ngozi. Mwenye choa hafai kushiriki michezo ya kugusana hadi awe ametibiwa kwa siku kadhaa na daktari aridhike. Mwenye upele lazima atibiwe pamoja na wale anaolala nao, la sivyo utarudi.

MPOX: Kenya ilitangaza kisa chake cha kwanza mwishoni mwa Julai 2024, cha msafiri aliyepitia mpaka wa Taveta. Huambukizwa zaidi kwa kugusana ngozi kwa ngozi. Mgonjwa hutengwa hadi magamba yadondoke na ngozi mpya iote, kazi ya wiki mbili hadi nne. Waliomgusa huchunguzwa kwa siku 21.

Na MALARIA je? Malaria haiambukizwi kwa kukaa na mgonjwa wala kwa kucheza naye, bali kwa mbu. Mtoto mwenye malaria hapaswi kuwekwa karantini hata kidogo. Lakini hapaswi kucheza pia, kwa sababu tutakayoiona hivi punde.

Uwanjani na darasani si sawa

Wazazi wengine huuliza: kama mtoto anaruhusiwa darasani, kwa nini azuiwe uwanjani? Swali hili ni la haki kabisa.

Jibu ni kwamba mwanafunzi anayesoma kimya hupumua polepole, ilhali anayekimbia huvuta na kutoa hewa nyingi mara kadhaa zaidi. Katika raga wachezaji husukumana vichwa na mabega. Katika mpira wa kikapu hupumuliana usoni. Kisha njoo wakati wa mapumziko: chupa moja ya maji inazungushwa kwa wachezaji kumi, taulo moja inapangusa nyuso tano, na jezi ya aliyetoka inavaliwa na anayeingia ikiwa bado mbichi kwa jasho.

Hayo ni ya uwanjani tu. Hatari kubwa zaidi mara nyingi imo safarini na malazini. Timu husongamana katika basi kwa saa kadhaa, madirisha yakiwa yamefungwa kwa sababu ya baridi ya alfajiri. Wakifika kwa shule mwenyeji, wanalala katika madarasa au mabweni, magodoro yakiwa yamepangwa sakafuni bega kwa bega. Hapo hukutana timu kutoka pembe zote za kaunti, na ngazi ikipanda, kutoka pembe zote za nchi. Baada ya siku nne kila timu hurudi kwake. Mtoto mmoja aliyekuja na surua iliyojificha anaweza kuipeleka katika shule ishirini kwa wikendi moja.

Kwa hiyo darasa lina watu wale wale kila siku, na wakiambukizana, afisa wa afya anajua pa kuanzia. Mashindano huchanganya watu ambao hawangekutana kamwe.

Aliyepona naye asikurupuke

Kuna kosa jingine ambalo huenda ni baya kuliko la kuvunja karantini. Ni lile la kumrudisha uwanjani mtoto aliyekuwa mgonjwa kwa sababu tu siku zake zimekwisha. Siku za karantini huwalinda wengine. Hazisemi lolote kuhusu iwapo moyo, mapafu na viungo vya mtoto mwenyewe viko tayari kwa kazi ngumu.

Baadhi ya virusi, vikiwemo vya mafua makali na vya Covid-19, vinaweza kuushambulia msuli wa moyo na kuufanya uvimbe. Si jambo la kila siku, lakini likitokea, mazoezi mazito yanaweza kuuvuruga mpigo wa moyo na hata kumwua kijana uwanjani. Mwanafunzi anayepata maumivu ya kifua, moyo kwenda mbio bila sababu, kizunguzungu, kuzirai au kukosa pumzi isivyo kawaida baada ya kuugua, aache mazoezi mara moja na kupelekwa kwa daktari. Akigunduliwa kuwa na tatizo hilo, huagizwa kupumzika kwa miezi mitatu hadi sita. Ndiyo, ni msimu mzima. Lakini msimu unarudi.

Kiungo kingine ni wengu. Malaria huweza kuufanya uvimbe, na vivyo hivyo homa ya tezi inayoletwa na virusi vya Epstein-Barr na ambayo huwapata sana vijana. Wengu uliovimba ukipigwa kiwiko au goti unaweza kupasuka na kumwaga damu ndani ya tumbo. Ndiyo sababu madaktari huwazuia wenye homa ya tezi wasishiriki michezo ya kugongana kwa angalau wiki tatu tangu walipoanza kuugua.

Kwa mafua ya kawaida, makocha wengi hutumia kipimo chepesi cha shingo. Dalili zikiwa juu ya shingo tu, kama vile pua kutiririka, mtoto anaweza kufanya mazoezi mepesi. Zikiwa chini ya shingo, yaani kikohozi cha kifuani, maumivu ya mwili au tumbo kuharibika, au akiwa na homa, apumzike. Lakini kumbuka kwamba kipimo hiki kinauhusu mwili wake yeye. Bado anaweza kuwaambukiza wenzake.

Arudi vipi basi? Kwanza akae angalau siku nzima bila homa na bila dawa za kuituliza. Kisha atembee, siku ya pili akimbie polepole kwa dakika 15, siku inayofuata aguse mpira, halafu ajiunge na wenzake kwa mazoezi kamili, na mwisho ndipo aingie katika mechi. Dalili zikirudi katika hatua yoyote, arudi nyuma hatua moja. Haraka haraka haina baraka.

Somo la mwaka 2020

Wakenya hawatausahau mwaka 2020. Ijumaa ya Machi 13, Waziri wa Afya wa wakati huo, Bw Mutahi Kagwe, alitangaza kisa cha kwanza cha Covid-19 nchini. Katika tangazo lilo hilo alipiga marufuku mikusanyiko, pamoja na michezo na shughuli zote za kukutanisha shule. Tazama jambo hili kwa makini: kwa siku hizo chache za mwanzo, masomo yaliruhusiwa kuendelea lakini michezo baina ya shule ilisimama. Jumapili ya Machi 15, Rais Uhuru Kenyatta akaagiza shule zifungwe.

Mwezi wa Julai aliyekuwa Waziri wa Elimu, marehemu Prof George Magoha, akatangaza kuwa mwaka huo wa masomo umepotea. Wanafunzi wa Gredi ya 4, Darasa la Nane na Kidato cha Nne walirejea Oktoba 12, 2020. Waliosalia walisubiri hadi Januari 4, 2021. Hata baada ya milango kufunguliwa, filimbi ya michezo baina ya shule haikulia upesi. Michezo ya shule za sekondari za Afrika Mashariki, FEASSSA, ambayo ilikuwa imefanyika Arusha mwaka 2019, haikuandaliwa 2020 wala 2021. Ilirudi huko huko Arusha mwaka 2022.

Nairobi pia ilionja uchungu huo. Mwaka 2017 jiji letu liliandaa mbio za dunia za vijana wasiozidi umri wa miaka 18, na watoto wa shule wakajaa Kasarani pomoni. Mbio za dunia za wasiozidi miaka 20 zilizopangwa kufanyika Julai 2020 ziliahirishwa hadi Agosti 2021. Zilipofanyika, viti vilikuwa vitupu, na baadhi ya nchi, ikiwemo Marekani, hazikuleta timu.

Fikiria basi kijana aliyekuwa Kidato cha Tatu mwaka 2020. Alikuwa akitarajia misimu miwili ya kuonekana na makocha wa vilabu na vyuo. Aliikosa yote miwili. Shule zilipopata tena michezo ya kanda, yeye alikuwa amekwisha kumaliza shule. Mtihani unaweza kuahirishwa, lakini umri haungoji.

Somo hapa lina pande mbili. Upande mmoja, ugonjwa ukiachwa uzagae, hufunga kila kitu kwa kila mtu. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Karantini ya wanafunzi thelathini kwa siku 21 ndiyo inayowezesha elfu moja waendelee kucheza. Upande wa pili, wakubwa wasidhani kwamba kumnyima kijana michezo ni jambo dogo lisilo na gharama. Kuna watoto ambao mpira ndio unaowafanya waamke kwenda shule. Kuna wengine ambao karo yao inalipwa na mguu wao.

Kesi ya Kentucky

Ubishi huu umefika hata mahakamani. Mapema mwaka 2019 katika jimbo la Kentucky, Marekani, tetekuwanga ilizuka katika shule moja. Idara ya afya ya eneo hilo ikaagiza kwamba wanafunzi wasio na kinga wasihudhurie masomo wala michezo hadi siku 21 zipite tangu mgonjwa wa mwisho alipotoka vipele. Kijana mmoja mcheza mpira wa kikapu, ambaye familia yake ilikuwa imekataa chanjo kwa misingi ya imani, alikwenda kortini akidai amenyimwa haki yake na msimu wake wa mwisho. Mwezi wa Aprili jaji alikataa kuiondoa amri hiyo.

Kila mtu ana maoni yake kuhusu kesi kama hiyo. Lakini kuna jambo dogo ambalo halipaswi kutupita. Zile siku 21 zilihesabiwa kuanzia mgonjwa wa mwisho. Maana yake ni kwamba kila mgonjwa mpya akitokea, saa inarudishwa nyuma na hesabu inaanza upya kwa wote. Mzazi anayemficha mgonjwa mmoja ili acheze Jumamosi anaweza kuwaongezea wengine wiki tatu nyingine. Samaki mmoja akioza huoza wote.

Kanuni nayo iwe na utu

Hata hivyo, haitoshi kuwaambia wazazi watii. Watoto huficha homa kwa sababu wanajua watakachokipoteza wakisema ukweli. Kama mchezaji anayeripoti vipele huondolewa kwenye timu hadi mwaka ujao, huku anayenyamaza akivalishwa jezi, basi shule yenyewe inafunza uongo.

Shule yenye busara hufanya mambo machache tu. Humpa mzazi tarehe ya kurudi kwa maandishi, badala ya kumwambia "tutakuita". Humhifadhia mtoto nafasi yake kikosini, au humpa nafasi ya kujaribiwa tena akirudi. Haitaji majina ya wagonjwa gwarideni, kwa maana jina la utani la "Tetekuwanga" linaweza kumwandama mtoto hadi Kidato cha Nne. Na haitumii karantini kama fimbo ya kumwadhibu mkorofi.

Kocha naye ana wajibu. Awe na wachezaji wa akiba waliofunzwa vyema, ili kutokuwepo kwa mmoja kusigeuke msiba. Ahakikishe kila mchezaji ana chupa yake yenye jina. Aulize kila asubuhi: nani ana homa, nani anaharisha, nani ana vipele? Na anayejibu ukweli ashukuriwe mbele ya wenzake.

Wale walio karantini lakini ni wazima hawana haja ya kulala kitandani mchana kutwa. Mwenye nafasi uani anaweza kuruka kamba, kupiga mpira ukutani, kunyoosha viungo na kutazama kanda za mechi za zamani akiandika makosa ya timu. Akirudi baada ya siku 21 atakuwa hajaachwa mbali. Ila yule ambaye ni mgonjwa, aachwe apumzike.

Maswali ya kumwuliza mwalimu mkuu

Barua ya karantini ikikufikia, usiende shuleni ukiwa umekunja ngumi. Nenda na maswali haya:

Ni ugonjwa gani, na nani aliyeuthibitisha? Nchini Kenya huduma za afya ziko chini ya kaunti tangu Katiba ya 2010 ilipoanza kutekelezwa, na afisa wa afya ya umma wa eneo lenu anapaswa kuarifiwa.

Mwanangu alikaribiana na mgonjwa siku gani? Hesabu huanzia hapo, si siku barua ilipoandikwa.

Je, kijitabu cha chanjo au barua ya daktari kwamba amekwisha kuugua inaweza kumwondoa katika karantini?

Amezuiwa kufanya nini hasa? Mechi tu, au mazoezi, au masomo pia? Na kama ni masomo, atapataje kazi ya darasani?

Arudi tarehe ngapi, na akirudi nani atamchunguza kabla ya kucheza?

Mwalimu aliyejipanga atayajibu yote kwa dakika kumi. Akishindwa, basi una haki ya kuomba afisa wa afya aitwe. Usimbembeleze kocha ampitishe mtoto kwa mlango wa nyuma.

Na kwenu nyinyi wanafunzi mnaosoma ukurasa huu: tunajua uchungu wa kutazama basi la timu likiondoka bila wewe. Lakini katika basi hilo kuna mwenzako ambaye nyumbani ana mdogo wake wa miezi saba, asiyefikisha umri wa chanjo ya surua. Kuna mwingine ambaye mama yake ni mjamzito, na tetekuwanga kwa mama mjamzito si mzaha. Hao hawamo uwanjani, hawajui hata mechi ni ya nani, lakini wanalindwa na uamuzi wako wa kusema, "Mwalimu, leo sijisikii vizuri."

Mchezaji bora hujulikana kwa mabao. Nahodha bora hujulikana kwa kuwajali wenzake hata siku ambayo hayumo uwanjani.